Umbo na Uaminifu katika Filamu za Mashujaa: Masimulizi ya Otenyo na Moraa kama Kipimo

UTANGULIZI

Mjadala wa fani na maudhui, ambao ulitawala uhakiki wa fasihi ya Kiswahili katika miaka ya 1970 na 1980, haujamalizika, bali umehamia uwanja mwingine. Siku hizi unasikika zaidi pale ambapo hadithi ya shujaa mwenye nguvu za ajabu inatolewa katika kitabu cha katuni na kufanywa filamu. Kundi moja la wahakiki hudai kwamba filamu njema ni ile inayokitii kitabu: mavazi yawe yale yale, matukio yafuatane vile vile, na mwisho usibadilishwe. Kundi la pili hudai kwamba filamu ni sanaa ya macho, na kwamba mwongozaji asiyekuwa na mtindo wake wa rangi, mwanga na mwendo ni karani tu anayenakili kazi ya mwenzake.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba makundi yote mawili yana kasoro moja. Yote huchukulia kwamba chanzo cha hadithi kina umbo lililokwisha tulia, ambalo mtu anaweza kulitii au kuliasi. Dhana hiyo inaweza kuvumilika mbele ya kitabu kilichochapwa. Haiwezi kuvumilika mbele ya fasihi simulizi, ambayo ndiyo chanzo cha mashujaa wengi wa Afrika Mashariki. Ili kuipima dhana hiyo, yatatumika masimulizi ya Abagusii wa Kisii na Nyamira, magharibi mwa Kenya, kumhusu Otenyo Nyamaterere na Moraa wa Ng'iti. Swali linaloulizwa ni hili: mtu akitaka kumtoa Otenyo katika kinywa cha mtambaji na kumtia katika filamu, atakuwa mwaminifu kwa nani, na kwa kitu gani?

UAMINIFU KWA MCHORO

Ni vyema kuanza na kazi ambazo chanzo chake kimechapwa. Kitabu cha katuni cha Watchmen, kilichoandikwa na Alan Moore na kuchorwa na Dave Gibbons, kilitolewa Marekani kati ya mwaka 1986 na 1987. Mwaka 2009 Zack Snyder alikifanya filamu. Katika sehemu nyingi mwongozaji huyo aliifuata michoro ya Gibbons kwa ukaribu wa kushangaza, hata mtazamaji mwenye kitabu mkononi anaweza kuonyesha ukurasa ambao kila pozi limetoka. Pale mwishoni tu ndipo alipobadilisha tukio kubwa: dubwana linaloangukia jiji la New York kitabuni halimo katika filamu, na nafasi yake imechukuliwa na milipuko ambayo lawama yake anatupiwa mmoja wa mashujaa.

Watetezi wa uaminifu walishughulika sana na badiliko hilo la mwisho. Hata hivyo, kasoro kubwa zaidi ilikuwa mahali ambapo filamu ilionekana kutii. Kitabu kile kiliandikwa ili kuwatilia shaka mashujaa; kinawaonyesha kuwa watu waliochoka, wenye kiburi na wengine wakatili. Filamu ikachukua mapigano yao, ikayapunguza mwendo, ikayapaka mwanga mzuri, hata ukatili ukapendeza. Mchoro ulitiiwa, lakini shaka ikapotea. Hapa ndipo inapodhihirika kwamba fani haiwezi kubebwa peke yake kama ganda lisilo na kiini. Mtu anayehamisha mchoro bila kuhamisha mtazamo uliouzaa mchoro huo amehamisha nusu ya kazi, na nusu hiyo inaweza kusema kinyume cha ilivyokusudiwa.

Mfano wa pili unaelekea upande mwingine. Black Panther, shujaa aliyebuniwa na Stan Lee na Jack Kirby mwaka 1966, alifanywa filamu na Ryan Coogler mwaka 2018. Katika vitabu vya awali, mpinzani wake aitwaye M'Baku alivikwa ngozi ya sokwe mweupe na kupewa jina la kumfananisha na nyani. Coogler alilitupa jina hilo pamoja na vazi hilo. Katika filamu, M'Baku ni kiongozi wa watu wa Jabari wakaao milimani, ana ucheshi na heshima, na mwishoni anaokoa vita. Kwa kipimo cha mchoro huo ni usaliti. Kwa kipimo cha haki ni sahihisho, kwa sababu kulitii vazi lile kungekuwa kuitii dharau ya wachoraji wa zamani kwa mtu mweusi.

Hata hivyo, filamu hiyo hiyo inawaachia wanaisimu swali. Nchi ya Wakanda huwekwa mashariki mwa bara, lakini watu wake husema Kixhosa, lugha ya kusini kabisa, ambayo iliingizwa kupitia kwa John Kani, mwigizaji wa Afrika Kusini, katika filamu iliyotangulia ya mwaka 2016. Mavazi nayo yamekusanywa kutoka pembe nyingi: mablanketi ya Basotho, rangi nyekundu ya Wahimba, shanga zinazokumbusha Wamasai. Kwa jicho, mkusanyiko huo ni karamu, na Ruth E. Carter alituzwa Oscar kwa mavazi hayo. Kwa sikio na kumbukumbu, ni Afrika isiyo na mahali. Umbo limejaa, lakini hakuna kijiji kimoja kinachoweza kusema kwamba hayo ni maneno yake na hicho ni kilima chake. Upungufu huo ndio unaoifanya Kisii na Nyamira kuwa kipimo chenye manufaa, kwa kuwa huko kilima kipo, jina lipo, na lugha ipo.

CHANZO KISICHO NA UKURASA

Mambo ya msingi ya kisa cha Otenyo yanajulikana. Mwaka 1905 Waingereza walituma kikosi dhidi ya Abagusii, na bunduki ya mtutu ikaua watu wengi waliokuwa na mikuki na ngao. Mwaka 1907 kituo cha serikali kilianzishwa mahali ambapo sasa ni mji wa Kisii, chini ya Geoffry Northcote, ambaye wenyeji, kwa kulilainisha jina hilo ndimini mwao, walimwita Nyarigoti. Januari 1908 Otenyo, kijana wa Kitutu, alimvizia Northcote njiani na kumchoma mkuki. Northcote alinusurika. Kikosi cha adhabu kilifuata: nyumba zilichomwa, maelfu ya ng'ombe walitwaliwa, na zaidi ya watu mia moja waliuawa. Mauaji hayo yalizidi kiasi hata Winston Churchill, aliyekuwa naibu waziri wa makoloni huko London, akayalalamikia kwa maandishi. Otenyo alikamatwa na kuuawa. Northcote alipanda cheo hadi kuwa gavana wa Hong Kong mwaka 1937.

Huo ni mfupa wa kisa. Nyama yake imo katika masimulizi, na hapo umbo halitulii. Moraa, mwanamke mwenye kipawa cha uaguzi, ndiye anayesemwa kuwa aliwachochea vijana, akiwaambia kwamba kama wameogopa basi wavae nguo za wanawake na kuwaachia wanawake mikuki. Watambaji wengine humwita mama wa kambo wa Otenyo, wengine shangazi yake. Huhusishwa pia na Sakawa, mtabiri wa Abagusii ambaye husemwa kuwa alitabiri ujio wa wageni kabla hawajafika. Kuhusu kifo cha Otenyo, masimulizi mengi husema kwamba kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Uingereza, na kwamba mwili uliobaki haukuzikwa kama inavyompasa mtu. Madai ya kurudishwa kwa kichwa hicho yametolewa hadharani zaidi ya mara moja katika miaka ya karibuni.

Katika hali kama hiyo, dai la kwamba filamu ikitii chanzo halina maana mpaka isemwe ni chanzo kipi. Chanzo ni utambaji wenyewe, ambao hubadilika kila unapotolewa: mzee mmoja ataanza na Sakawa ili kuonyesha kwamba mambo yote yalikwisha kuonwa, mwingine ataanza na Moraa ili kuwasuta vijana wa leo, wa tatu ataanza na kichwa kilichopotea, kwa sababu kwake hadithi bado haijaisha. Kila mmoja ni mwaminifu. Tofauti zao si makosa ya kunakili. Ni njia ya jamii ya kuijadili historia yake. Mtu atakayechagua toleo moja na kuliita la kweli, kisha akawahukumu wengine kwa hilo, ameigeuza fasihi simulizi kuwa kitabu ambacho haijawahi kuwa.

UAMINIFU KWA NYARAKA

Yako maoni kwamba, kwa kuwa masimulizi hutofautiana, mtengenezaji wa filamu azifuate nyaraka zilizoandikwa. Maoni hayo yana sura ya usomi, lakini yana hatari ambayo si budi ielezwe waziwazi. Nyaraka za mwaka 1908 ziliandikwa na upande mmoja. Zina ripoti za maofisa, hesabu ya ng'ombe waliotwaliwa, na telegramu baina ya Nairobi na London. Ndani yake Otenyo ni mhalifu aliyemshambulia ofisa, na Moraa, kama anatajwa, ni mchawi. Jicho la kamera linaloitii hati hizo litalazimika kukaa pamoja na Northcote juu ya mnyama wake, na kumwona Otenyo akitokea vichakani kama hatari. Hivyo uaminifu kwa maandishi unakuwa, bila mwandishi kutambua, uaminifu kwa adui wa shujaa.

Hii haina maana kwamba nyaraka zitupwe. Wanahistoria William Ochieng' na Robert Maxon, walioandika juu ya Abagusii, walionyesha kwamba hati na kumbukumbu za wazee zikiwekwa pamoja hurekebishana. Hati hutoa mwezi na mwaka. Wazee hutoa sababu. Hati inasema mkuki ulirushwa. Masimulizi yanasema nani aliusukuma moyo wa aliyeurusha. Lakini suala la nafasi ya kamera, yaani macho ya nani yanatazama, haliamuliwi na hati wala na mzee. Linaamuliwa na mtindo. Hapo ndipo mtindo unapoacha kuwa pambo na kuwa hukumu.

NGUVU ZA AJABU NA GHARAMA YAKE

Kuna kishawishi kingine, na huenda ndicho kikubwa zaidi kwa vijana waliokua wakitazama filamu za Marekani. Ni kumpa Otenyo nguvu za ajabu: ngozi isiyopenya risasi, mkuki unaorudi mkononi wenyewe, na ushindi mwishoni. Kishawishi hicho hakina ubaya kwa sababu tu ni cha kigeni. Afrika Mashariki ina mashujaa wake wa namna hiyo tangu zamani. Jirani za Abagusii, yaani Wajaluo, wana Lwanda Magere, mtu wa jiwe ambaye silaha hazikumdhuru mpaka mke wake wa kabila la maadui alipogundua kwamba uhai wake umo kivulini. Pwani ina Fumo Liongo, ambaye ni sindano ya shaba kitovuni tu ingeweza kumwua.

Lakini ni muhimu kuangalia jinsi nguvu zinavyofanya kazi katika masimulizi hayo. Lwanda Magere na Liongo hawakumbukwi kwa sababu walishinda. Wanakumbukwa kwa sababu ya mahali walipokuwa na udhaifu, na kwa sababu siri hiyo ilitolewa na mtu wa nyumbani. Nguvu ni mlango wa kuingilia, na kiini cha kisa ni siri. Filamu itakayomwonyesha Lwanda Magere akiwaponda maadui kwa saa nzima na kukipa kivuli chake dakika mbili itakuwa imekosa uaminifu, hata kama kila vazi ni sahihi. Na mwongozaji mwenye jicho angeweza kufanya kinyume: kukiacha kivuli kiwe ndicho mhusika mkuu tangu picha ya kwanza, kirefu asubuhi, kifupi adhuhuri, bila neno lolote kusemwa, mpaka mtazamaji mwenyewe aanze kukihofia. Hapo mtindo wa picha ungekuwa ndio njia ya kukitii kisa.

Ebrahim Hussein alikwisha kulikabili tatizo hili jukwaani. Katika Kinjeketile, tamthilia iliyochapwa mwaka 1969 juu ya vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, imani kwamba maji yatazigeuza risasi kuwa maji ndiyo nguvu ya ajabu. Hussein hakuificha imani hiyo wala hakuifanya kweli. Alionyesha jinsi ilivyowaunganisha watu, na jinsi ilivyowaua. Aidha, katika utangulizi wake alitenganisha mhusika wake na Kinjeketile wa historia. Kwa kukiri kwamba anabuni, aliupata uhuru wa kuwa mkweli katika jambo kubwa zaidi, yaani utata wa neno linaloleta umoja na maafa kwa pamoja.

Kipimo hicho kikielekezwa kwa Otenyo, jibu ni zito. Otenyo hakushinda. Mkuki wake haukumwua Northcote, na watu wake walilipa kwa damu, kwa nyumba na kwa ng'ombe. Uzito wote wa kisa, pamoja na uchungu wa kichwa kisichojulikana kilipo, umo katika ukweli kwamba alikuwa mtu wa nyama ambaye risasi zilimpenya. Filamu itakayomfanya asiuawe itakuwa imewanyang'anya waliokufa mwaka 1908 kifo chao, na kuwaondolea walio hai haki ya kudai. Hakuna anayedai kichwa cha mtu ambaye hafi.

JICHO NA SAUTI

Inabaki sehemu ya lugha, ambayo wahakiki wa filamu huipita haraka. Katika miji mingi ya Kenya filamu za kigeni hutazamwa zikiwa na sauti ya msimulizi wa Kiswahili juu yake. DJ Afro ndiye aliyevuma zaidi katika kazi hiyo, na huko Tanzania marehemu Lufufu alijulikana kwa kazi ya namna hiyo. Wasimulizi hao hawatafsiri neno kwa neno. Huwapa wahusika majina mapya, hutania, huonya, na hutia methali na misemo ya mtaani. Kwa kipimo cha tafsiri ni waongo. Kwa kipimo cha fasihi simulizi wamefanya jambo la maana: wamemrudisha mtambaji mahali ambapo sinema ilikuwa imemfukuza. Watazamaji wanaojibu na kucheka katika ukumbi wa video ni hadhira kwa maana ile ile ya hadhira ya jioni mbele ya jiko.

Likarion Wainaina aliielewa siri hiyo katika Supa Modo, filamu ya Kenya ya mwaka 2018. Jo, msichana mgonjwa asiyetarajiwa kupona, anapenda mashujaa wa sinema, na kijiji kizima kinaungana kumfanya aamini kwamba ana nguvu zao, kisha kinamtengenezea filamu yake. Hakuna uchawi wa mashine wenye gharama. Nguvu za ajabu zinatokana na makubaliano ya majirani, na kifo hakifutwi. Filamu hiyo haikugeuzwa kutoka kitabuni, lakini inafundisha kuhusu ugeuzaji kuliko nyingi zilizogeuzwa: shujaa wa kijiji hutengenezwa na wanaomtazama.

Kutokana na hayo, sauti ya Ekegusii katika filamu ya Otenyo haiwezi kuwa kionjo cha kutiliwa mwishoni. Suto la Moraa ni kitendo cha lugha. Mkuki ni matokeo tu. Likisemwa kwa Kiingereza na kufuatiwa na ngoma za kukodi, halitasukuma mkono wa mtu. Vivyo hivyo obokano, zeze kubwa la Abagusii lenye nyuzi nane na sauti nzito, halikuwa muziki wa nyuma ya hadithi bali mara nyingi lilikuwa hadithi yenyewe. Mwongozaji anayelijua hilo ataweza hata kulionyesha shambulio kwa sauti pekee: kamera ibaki juu ya ukingo wa Manga, njia ionekane tupu, na mtambaji aseme. Masimulizi yanatofautiana kuhusu mengi ya siku ile, na picha iliyo tupu ingeziheshimu tofauti hizo kuliko picha iliyojaa.

Abagusii wenyewe wanao mfano mwingine wa sanaa ya macho. Wachongaji wa Tabaka, huko Kisii kusini, huchonga jiwe laini ambalo rangi yake huanzia nyeupe hadi waridi na nyekundu iliyoiva. Wengi huchonga familia isiyo na macho wala midomo: mikono mirefu iliyoshikana, vichwa vilivyoinamiana, basi. Elkana Ong'esa, ambaye sanamu yake ya ndege imesimama katika makao makuu ya UNESCO mjini Paris, ametoka katika mapokeo hayo. Hakuna anayelalamika kwamba sura ya mtu fulani haikufuatwa. Kilichofuatwa ni uhusiano wa mtu na mtu, pamoja na tabia ya jiwe lenyewe, kwa maana mchongaji asiyefuata mishipa ya jiwe hulipasua.

HITIMISHO

Imeonyeshwa kwamba ugomvi kati ya mtindo wa picha na uaminifu umewekwa vibaya. Filamu inaweza kutii mchoro na kusaliti mtazamo. Inaweza kuasi vazi na kurudisha heshima. Pale ambapo chanzo ni utambaji, uaminifu haupimwi kwa sura ya shujaa wala kwa mpangilio wa matukio. Unapimwa kwa mambo matatu: macho ya nani yanatazama, gharama ya kitendo inabebwa na nani, na ni sauti gani inayosimulia. Yote matatu huamuliwa na mtindo. Hivyo mtindo si mpinzani wa uaminifu. Ndio chombo pekee ambacho filamu inacho cha kuwa mwaminifu.

Suala hili si la nadharia tupu. Tamasha la kitaifa la drama la shule na vyuo vya Kenya sasa lina nafasi ya filamu, na vifaa vya kupigia picha vimefika mikononi mwa wanafunzi. Visa vya Otenyo, Moraa na Sakawa vitafanywa filamu, na walimu wa Kisii na Nyamira ndio watakaoulizwa kwanza kama vimefanywa vyema. Wakijibu kwa kuhesabu makosa ya mavazi watakuwa wamewasaidia kidogo. Inawapasa kwanza kuwatuma wanafunzi wao kwa wazee, wakiwa na kinasa sauti, kukusanya matoleo yote yanayopingana kabla wenye kuyasimulia hawajaondoka, na kuyaandika kwa Ekegusii na kwa Kiswahili. Bila hazina hiyo, filamu ya kwanza itakayopendeza macho ndiyo itakayokuwa chanzo, na watoto watamkumbuka Otenyo kwa sura ya mwigizaji aliyechaguliwa. Hapo hakutakuwa tena na kitu cha kuwa mwaminifu kwacho.